Mwanachuo Ajiulize Nini Aendapo Kufundisha?



Wanachuo wa ualimu hupelekwa katika shule za msingi kwa mazoezi ya kufundisha. Baadhi yao ni watoto wetu. Wengine hupanga vyumba majumbani mwetu. Tunawaona usiku wakikata maboksi na kuchora picha za zana. Kazi hiyo ni njema. Lakini yako matayarisho mengine yasiyoonekana kwa macho, nayo ni mwanachuo kujipima mwenyewe. Kwake yeye wiki hizo ni mtihani. Kwa mtoto wa darasa la tatu ni wiki za masomo ambazo hazitarudi. Basi na tuyatazame mambo matatu.

1. Kabla ya kwenda: Mimi nilifundishwaje?

Mwanachuo amekaa dawatini miaka mingi akiwatazama walimu. Dan Lortie wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alieleza kwamba huo nao ni uanagenzi: mtu huona mwalimu afanyavyo, ila haoni kwa nini anafanya hivyo. Ndiyo maana mwanachuo akishikwa na hofu mbele ya watoto hamsini, huweza kuyasahau ya chuoni akafanya kama alivyofanyiwa: kupaza sauti, kuwaitikisha watoto wote kwa pamoja, kushika fimbo. Yampasa achukue daftari aandike: Mwalimu gani alinifanya nipende somo, na alifanya nini hasa? Yupi alinifanya niogope kuuliza? Nikibanwa, nitamfuata yupi?

2. Wakati wa kufundisha: Mtoto huyu anafikiri nini?

Chukua hesabu hii: 52 toa 27. Mtoto anaandika 35. Mwalimu mwenye haraka hutia mkasi akasema mtoto hajui kutoa. Lakini tazama vizuri. Katika mamoja, mtoto ametoa 2 kwenye 7 akapata 5. Katika makumi, ametoa 2 kwenye 5 akapata 3. Kutoa anajua. Asichojua ni kwamba kumi moja laweza kufunguliwa likawa mamoja kumi. Dawa yake si kiboko, wala si hesabu ishirini za namna ile ile. Apewe vijiti vilivyofungwa kumi kumi, afungue fungu moja kwa mikono yake mwenyewe.

Donald Schön, katika kitabu cha mwaka 1983, alitofautisha kutafakari ukiwa kazini na kutafakari baada ya kazi. Mwalimu anayetua kidogo mbele ya daftari la mtoto na kujiuliza, "Ameipataje 35?" anafanya lile la kwanza.

3. Baada ya kufundisha: Nimejuaje kwamba wameelewa?

Mwishoni mwa andalio la somo huwapo nafasi ya tathmini na maoni. Katika miaka yangu ya ukufunzi nilisoma hapo mara nyingi mno maneno haya: "Somo limeeleweka vizuri." Jumatatu limeeleweka, Jumanne limeeleweka, hata siku mvua ilipopiga bati na mwalimu asisikike. Wengi huandika hivyo kwa kuogopa maksi. Lakini maneno hayo hayamsaidii mtu kesho yake. Afadhali aandike: "Watoto 18 kati ya 45 wamekosa swali la pili. Katika mamoja wanatoa namba ndogo kwenye kubwa. Kesho nitaanza na vijiti." Huyo amejitazama, na tayari ana somo la kesho. Naye mkufunzi asimwadhibu mwanachuo kwa kuandika ukweli. Akifanya hivyo, atakuwa anamfundisha kudanganya.

Sisi wazazi na wenyeji tunaweza kusaidia. Mwanachuo akirudi jioni tusimwulize tu, "Umepata maksi ngapi?" Tumwulize, "Leo watoto wamejifunza nini, nawe umejuaje?" Swali hilo linawafaa pia walimu wetu wa shule ya Jumapili.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Ni jambo gani alilofanya mwalimu wako ambalo nawe unalifanya unapowaelekeza watoto nyumbani?
(b) Mtoto akikosea, wewe huuliza kwanza au hukemea kwanza?
(c) Tufanye nini ili kijana aweze kusema, "Leo somo halikueleweka," bila kuona aibu?