Mpaka, Kabila na Siasa: Somo kwa Jamaa za Wakristo



Mtoto aliyezaliwa karibu na mpaka wa nchi huwauliza wazazi wake swali hili: "Mbona watu wa upande ule wasema lugha yetu, na wengine ni shangazi zetu, nao si wa nchi yetu?" Swali ni la mtoto, lakini siasa ya Afrika kwa miaka zaidi ya mia moja imekuwa ikilijibu, mara kwa busara, mara kwa bunduki. Si vema mzazi Mkristo akose jibu. Basi, katika somo la juma hili tutazame mpaka ni nini, kabila ni nini, na ni wakati gani vitu hivi viwili hugeuka kuwa sumu.

1. MPAKA NI KITU GANI?

Mkulima wa Kilimanjaro hupanda masale mwishoni mwa kihamba chake. Jirani akiyaona ajua pa kukomesha jembe lake. Masale hayo hayasemi kwamba jirani ni mtu mbaya; yasema tu kwamba hapa ndipo kazi yangu inapokoma na kazi yako inapoanza. Ndiyo maana Maandiko Matakatifu, katika Kumbukumbu la Torati, yakataza kuhamisha alama ya shamba la jirani. Mpaka, basi, si dhambi. Ni chombo cha amani kikitumiwa kama ilivyokusudiwa.

Lakini mipaka ya nchi zetu haikupandwa na majirani waliokubaliana. Wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin tangu Novemba 1884 hadi Februari 1885, wala hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Huko waliweka kanuni za kugawana. Mistari yenyewe waliichora baadaye, wawili wawili. Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi walipiga mstari kutoka mto Umba, pwani, hadi Ziwa Victoria, wakiuzungusha kaskazini ya Kilimanjaro. Watu wengi wasimulia kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima huo uwe zawadi. Ni hadithi tu: Wilhelm hakuwa Kaisari mpaka mwaka 1888. Mlima haukutolewa kwa mapenzi ya bibi na mjukuu, bali kwa mapatano ya wafanya biashara na mabalozi. Mstari huohuo ukawakata Wamasai vipande viwili.

2. MSTARI WA KARATASI NA VITA VYA KAGERA

Tarehe 1 Julai 1890 mataifa hayo mawili yaliendeleza mstari kupita ziwani hadi magharibi, wakifuata digrii moja kusini ya ikweta. Digrii haionekani kwa macho. Haina mti, haina jiwe, wala haijui ukoo wa mtu. Mto Kagera waonekana, lakini haukufuata hesabu yao. Kipande cha nchi kilicho kati ya mto na mstari kikawa upande wa Tanganyika.

Miaka themanini na minane ikapita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika kipande hicho, yakaua, yakachoma nyumba, yakaswaga ng'ombe. Tarehe 1 Novemba ikatangazwa kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Je, watu wa pande hizo mbili walikuwa wamegombana? La. Walikuwa wakioana na kuuziana ndizi na samaki. Sababu kubwa ilikuwa ndani ya Uganda kwenyewe, ambako jeshi la Amin lilikuwa limeanza kugawanyika na kuasi. Mtawala ambaye nyumba yake yawaka moto huwaonyesha watu ua wa jirani, ili wasiutazame moshi wake.

Majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jambo la kukumbuka ni hili: vita vilipokwisha, Tanzania haikuchukua hata shamba moja la Uganda. Mstari ulirudi palepale ulipokuwa.

3. KWA NINI MISTARI MIBAYA HAIKUFUTWA?

Mwezi Julai 1964, wakuu wa nchi huru za Afrika walipokutana Kairo, waliahidi kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mmoja wa waliosimama imara kwa ajili ya azimio hilo. Somalia na Moroko hazikuliridhia.

Je, viongozi wale waliipenda kazi ya Berlin? Hapana. Walifanana na mtu aliyerithi nyumba aliyojengewa na mwingine: vyumba havimpendezi, lakini ajua kwamba akibomoa ukuta mmoja kwa hasira, paa laweza kuwaangukia watoto. Watu walikwisha onja jambo hilo. Vita vya Washifta kaskazini ya Kenya, mwaka 1963 hadi 1967, na vita vya Ogaden kati ya Somalia na Ethiopia, mwaka 1977 hadi 1978, vyote vilitokana na nia ya kuwakusanya Wasomali wote chini ya bendera moja. Kupenda ndugu zako si kosa. Lakini waliolipa gharama ni wachungaji na wanawake walewale waliosemwa kwamba wanakombolewa.

Hata hivyo, azimio la Kairo lilifunga mlango mmoja tu. Kama hatuwezi kugombania mstari wa nje, mwenye tamaa atatafuta mstari wa ndani. Mstari huo huitwa kabila.

4. KABILA NI ZAWADI, LAKINI LAWEZA KUWA UPANGA

Mkataa kwao mtumwa, wasema wahenga. Lugha tuliyonyonya pamoja na maziwa ya mama, desturi za mazishi, majina ya mababu, hayo yote ni vipaji vya Mungu. Hakuna Mkristo anayepaswa kuyaonea haya.

Sumu huingia pale alama ya asili inapofanywa hukumu. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, chasimulia jinsi Wagileadi walivyovizuia vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliamriwa kutamka neno moja, Shibolethi. Mwefraimu hakuweza kuitamka herufi ya kwanza sawasawa, akachinjwa papo hapo. Maandiko yahesabu wafu 42,000. Hao walikuwa wana wa Israeli wote, wa Ibrahimu mmoja na wa Mungu mmoja.

Tusidhani ni mambo ya kale. Nchini Rwanda, Wahutu, Watutsi na Watwa wasema lugha moja, wakaa vilima vilevile, na hata koo zao zachanganyikana. Katika miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji iliwaandika watu wote na kuwapa vitambulisho vyenye jina la kundi lao. Jambo ambalo zamani liliweza kubadilika kwa mali na kwa cheo likagandishwa kwa wino. Serikali za baada ya uhuru wa mwaka 1962 hazikuufuta wino huo. Mwezi Aprili 1994 karatasi ile ikawa Shibolethi. Penye vizuizi vya barabarani watu walitoa vitambulisho, na neno moja lilitosha kumtoa mtu roho. Kwa muda wa siku mia moja hivi waliuawa mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Watutsi.

Hapa yatupasa kusema kweli bila kujificha. Wauaji wengi walikuwa wamebatizwa, na waliouawa vilevile. Huko Ntarama na Nyarubuye watu waliuawa ndani ya kanisa walimokimbilia. Mwaka 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba radhi kwa ajili ya Wakristo walioshiriki. Na tarehe 20 Machi 2017 Baba Mtakatifu Fransisko akamwomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na za wana wake. Maji ya ubatizo yalikuwa yamemwagwa vichwani, lakini mioyoni mwa wengi wino wa kitambulisho ulikuwa umetangulia.

5. SHERIA YAWEZA KUPONYA

Lililoharibiwa na kalamu laweza kutengenezwa na kalamu. Rwanda ilikwisha kuliondoa neno la kabila katika vitambulisho vyake. Nchini Kenya, Wamakonde waliotoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani walizaa na kuzikana huko bila kuhesabiwa kuwa raia. Mwezi Oktoba 2016 wajukuu walitoka Kwale wakashika njia ya Nairobi kudai haki yao, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Hapa Tanzania, zaidi ya watu 160,000 wa jamaa zilizokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, wakaazi wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walipewa uraia. Wengi walikabidhiwa hati zao kuanzia mwaka 2014. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na aliyelima nawe miaka arubaini, je, bado ni mgeni?

6. WAJIBU WETU

Nyumbani. Mtoto afundishwe kusalimu kwa lugha ya babu yake, lakini asisikie kamwe mezani kwamba kabila fulani ni wezi, au wachawi, au wajinga. Neno analolisikia akila ugali hulikumbuka akishika panga. Na kijana akileta mchumba wa kabila lingine, ulizeni kwanza kama ni mcha Mungu na mchapa kazi.

Parokiani. Viongozi wa halmashauri wasichaguliwe kwa kuhesabu makabila, wala mgeni katika jumuiya asiachwe akae nyuma peke yake. Bwana wetu mwenyewe alivushwa mpaka usiku, mikononi mwa mama yake, akawa mkimbizi Misri. Na alipoulizwa jirani ni nani, alimtaja Msamaria.

Kwenye kura. Mgombea akikuambia, "Nichague, mimi ni wa kwenu," mwulize amefanya nini. Akikuambia kwamba mpinzani wake si raia, kwa sababu ya jina lake au umbo la pua yake, jua kwamba amekosa hoja, naye atafuta kivuko cha Yordani pa kusimama na upanga. Mahakama na sheria ndizo zinazopima uraia. Uvumi wa sokoni hauna mizani.

Basi, mtoto akiuliza swali lake, ajibiwe hivi: Mpaka watuambia nani atatengeneza barabara hii na nani atalipa kodi wapi. Kabila latuambia ni nani waliotufundisha kusema. Hakuna kati ya hayo mawili linalotuambia thamani ya mtu, kwa maana hiyo iliandikwa na Mungu kabla ya kalamu yoyote.

Na wazee wa Kilimanjaro wana jambo la kutufundisha. Sale lilelile walilolipanda mpakani ndilo wanalolichuma na kulipeleka kwa mtu waliyemkosea, kumwomba amani. Alama iliyotenganisha mashamba yaweza pia kuwapatanisha wenye mashamba.

Maswali ya kujadiliana nyumbani: (1) Katika kijiji au mtaa wetu, ni nani anayeitwa mgeni, na amekaa miaka mingapi? (2) Ni maneno gani juu ya makabila mengine tunayoyasema mbele ya watoto? (3) Katika uchaguzi uliopita, tulimpima mgombea kwa kazi yake au kwa ukoo wake?