Cherehani Kilichoganda: Kufufua na Kutunza Mashine Kuukuu za Kushonea

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kipo cherehani kilichofunikwa kitambaa na kusukumwa pembeni. Kilinunuliwa na babu au bibi, kikashona sare za shule kila mwezi wa Januari, kisha siku moja gurudumu lake likakataa kuzunguka. Waliojaribu kulizungusha kwa nguvu waliona halisogei, wakakata shauri kwamba kimekufa. Tangu hapo kinamngoja mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hukithamini kwa kilo.

Hukumu hiyo mara nyingi si ya haki. Cherehani kisichozunguka aghalabu hakikuvunjika. Kimegandishwa na mafuta yaleyale yaliyotiwa ili kukilainisha. Anayefahamu jinsi mafuta yanavyogeuka gundi aweza kukirudishia uhai kwa vifaa vichache na kwa saburi. Asiyefahamu huleta koleo na nyundo, na hapo ndipo cherehani kilichokuwa kizima huvunjika kweli.

Huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini kazi hii imekuwa burudani ya watu wengi, ambao hununua mashine kuukuu kwa bei ndogo, huzisafisha na kuzishonea. Katika Afrika Mashariki mashine hizo hizo zingali mkate wa mafundi wanaokaa barazani mwa maduka. Kwa mwanafunzi wa sekondari, cherehani cha kukanyaga ni zaidi ya burudani au riziki: ndani yake mna wenzo, krenki, kamu, msuguano, kutu na kemia ya mafuta, na yote hayo huonekana kwa macho pasipo kuhitaji maabara.

Mashine inayoshona kwa nyuzi mbili ilipewa hataza nchini Marekani tarehe 10 Septemba 1846, kwa jina la Elias Howe. Isaac Singer alipata hataza yake mwaka 1851, na kampuni iliyobeba jina lake ilisambaza mashine duniani kote. Kiwanda chake cha Clydebank, Uskoti, kilifunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Mojawapo ya miundo ya Singer, ule wa namba 15 ulioanza mwishoni mwa karne ya 19, uliigwa na viwanda vingi vya Asia. Butterfly, cherehani cheusi cha Shanghai chenye picha ya kipepeo, kimejengwa kwa mfano huo. Hii ni bahati kwa mtengenezaji, kwani bobini na sindano za muundo huo zingali zikiuzwa, na cherehani cha miaka 80 iliyopita chaweza kutumia sindano iliyonunuliwa leo.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, ni lazima ieleweke jinsi mshono unavyofungwa. Uzi wa juu hupita katika tundu lililo karibu na ncha ya sindano. Sindano hushuka mpaka chini kabisa, kisha huanza kupanda. Inapopanda kiasi cha milimita 2 hivi, uzi uliobanwa na kitambaa haupandi pamoja nayo, bali hulegea na kufanya kitanzi kidogo kando ya sindano. Wakati huohuo ncha ya kulabu hufika, hukidaka kitanzi, hukipanua na kukizungusha juu ya kikopo chenye bobini. Hivyo uzi wa juu huuzunguka uzi wa chini. Mkono wa kuvuta uzi unapopanda, nyuzi hizo mbili hukazana, na fundo lao hujificha katikati ya kitambaa.

Neno la kukumbuka hapo ni wakati. Kulabu ikiwahi, kitanzi hakijafanyika. Ikichelewa, kitanzi kimekwisha kupita. Mafundi wengi wanapoona mashine inaruka mishono hukimbilia kulegeza kulabu, ilhali kosa li katika sindano iliyopinda, iliyo butu, au iliyotiwa kinyume. Upande wa sindano uliobapa juu hutazama kule kulabu inakopita. Mfereji mrefu huwa upande wa pili, na uzi huingizwa kutokea kwenye mfereji huo. Sindano mpya ndicho kipuri cha bei ndogo kuliko vyote, na hiyo ndiyo iwe ya kwanza kubadilishwa.

Sasa turudi kwenye mafuta. Mihimili ya cherehani huzunguka ndani ya matundu ambayo nafasi yake ni sehemu chache za mia za milimita. Katika nafasi hiyo utando mwembamba wa mafuta hutenganisha chuma na chuma. Mafuta halisi ya cherehani ni mafuta mepesi ya madini, yatokanayo na petroli ghafi, nayo hayaungani kwa urahisi na oksijeni. Hata hivyo hayadumu milele. Katika miaka mingi ya kukaa bure, sehemu yake nyepesi huvukizwa, kinachobaki huoksidishwa polepole, vumbi na uchafu wa nyuzi huingia, na hatimaye utando hugeuka kuwa kama vanishi ya kahawia. Vanishi hiyo ikijaa katika nafasi ndogo kama ile, yatosha kuufunga mhimili usisogee.

Mafuta ya kupikia huleta madhara hayo mapema zaidi. Mafuta ya alizeti yana molekuli nyingi ambazo hazikushiba haidrojeni. Penye vifungo maradufu vya kaboni, oksijeni ya hewa hupata nafasi ya kuingia, molekuli zikaungana moja na nyingine kuwa mtandao mzito unaonata. Ndiyo sababu sufuria iliyomwagikiwa mafuta na kuachwa huota utando usiotoka kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya nazi, ambayo sehemu kubwa imeshiba haidrojeni, hayagandi kwa njia hiyo, lakini hugeuka yabisi joto lishukapo chini ya nyuzi 24 za Selsiasi hivi. Cherehani kilichotiwa mafuta ya nazi kaweza kuzunguka vyema Tanga mchana na kukataa Lushoto asubuhi.

Darasa laweza kulithibitisha jambo hili. Vipande vitatu vya kioo safi vitiwe tone moja moja: la mafuta ya alizeti, la mafuta ya nazi, na la mafuta ya cherehani. Kila tone litandazwe liwe jembamba, kisha vioo viwekwe mahali penye hewa na mwanga, vikikingwa vumbi. Kila wiki, kwa muda wa wiki 6 au zaidi, wanafunzi waguse kila utando kwa kijiti kisafi na kuandika kama ni majimaji, unanata, au umekauka. Utandazaji mwembamba ni muhimu, kwa kuwa oksijeni huingilia juu. Tone nene laweza kudanganya.

Dawa ya mafuta yaliyoganda ni kuyayeyusha, wala si kuyashinda kwa nguvu. Kazi yafaa ianze kwa kutoa bamba la kuteleza, bamba la sindano, sindano, na kikopo cha bobini. Brashi ndogo na kijiti cha mbao huondoa uchafu wa nyuzi, ambao chini ya meno ya kusukuma kitambaa mara nyingi hukandamizwa ukawa mgumu kama kizibo. Ni vyema kukagua pia ikiwa kipande cha uzi kimejiviringisha penye kulabu. Uzi mmoja hapo hufanya cherehani kizima kionekane kimekufa.

Baada ya hayo, tone la mafuta mapya hutiwa katika kila kitundu cha mafuta na kila mahali chuma kinaposugua chuma, juu na chini, nacho huachwa usiku kucha. Pasipolegea, mafuta ya taa kidogo huingizwa kwa brashi katika viungo hivyo. Kazi hii hufanywa nje, mbali na moto na sigara, bila kuyamwagia mafuta ya taa rangi ya mwili wa mashine. Gurudumu la mkono husukumwa taratibu mbele na nyuma. Likisogea kwa upana wa nywele, ushindi umekwisha kupatikana. Kesho litasogea upana wa kidole. Yawezekana kazi hii ikachukua siku 3, hata wiki nzima, nayo haiharakishwi. Mwisho mafuta ya taa hupanguswa kabisa na mafuta ya cherehani hutiwa upya, kwa sababu mafuta ya taa huyayeyusha mabaki ya kale lakini hukiacha chuma kikavu.

Mwili wa vyerehani hivi ni chuma cha kalibu: kizito na imara kinapobanwa, lakini hupasuka kikigongwa. Kwa hiyo nyundo haina kazi hapa. Skrubu iliyokazana hutaka bisibisi ambayo ulimi wake unajaza ufa wote wa kichwa cha skrubu. Bisibisi nyembamba hukwangua ufa, na skrubu ikishaharibika kichwa, taabu huwa mara kumi. Ncha ya chuma cha kulehemu ikiwekwa juu ya skrubu kwa dakika chache hutanua chuma na kuvunja gundi ya mafuta. Jambo hilo lisifanywe kamwe mahali palipo na mafuta ya taa ambayo hayajakauka.

Juu ya uzuri wa nje, wengi huharibu pale walipokusudia kupamba. Michoro ya dhahabu ya vyerehani vingi vya zamani ilibandikwa juu ya rangi nyeusi iliyookwa, kisha ikafunikwa kwa vanishi ya shelaki, utomvu utolewao na wadudu wadogo waishio mitini huko India na nchi za jirani. Shelaki huyeyuka katika spiriti. Anayepangusa cherehani cha namna hiyo kwa spiriti ataona weusi ukipauka na dhahabu ikitoka pamoja na kitambaa, na hakuna njia ya kuirudisha. Sabuni kali zenye amonia nazo zina madhara. Kitambaa laini cha pamba chenye mafuta ya cherehani, kikipitishwa polepole, huondoa uchafu mwingi na kuiacha michoro salama. Kupaka rangi mpya ya duka juu ya mashine ya mwaka 1930 ni kosa ambalo hata fundi hodari hulijutia.

Cherehani kikishazunguka chepesi, hubaki kusawazisha nyuzi. Uzi wa juu hubanwa kati ya visahani viwili; wa chini hubanwa na kamani ndogo ubavuni mwa kikopo. Kabla ya kugeuza skrubu yoyote, visahani na kamani visafishwe kwa kupitisha uzi mnene katikati yake, kwani punje ya uchafu tu hutosha kuvipanua. Kwa muundo wa namba 15, kikopo chenye bobini huning'inizwa kwa uzi wake: kisianguke chenyewe, lakini kikitikiswa kidogo kishuke sentimita chache. Kisha kipande cha kitambaa hushonwa kwa nyuzi za rangi mbili. Rangi ya chini ikionekana juu, uzi wa juu umekazwa mno; rangi ya juu ikionekana chini, umelegea. Skrubu ya kikopo haigeuzwi zaidi ya robo ya mzunguko kwa mara moja. Ni fupi sana, na ikidondoka sakafuni haionekani tena.

Hesabu ya kanyagio nayo ni somo. Tuseme gurudumu la chini lina kipenyo cha sentimita 30 na kapi la juu sentimita 7.5. Uwiano wake ni 4, basi miguu ikikanyaga mara 60 kwa dakika, mhimili wa juu huzunguka mara 240 na kutoa mishono 240. Mshono ukiwa na urefu wa milimita 2.5, kitambaa husogea milimita 600, yaani sentimita 60 kwa dakika. Wanafunzi wakipima na kupata pungufu, watafute mkanda unaoteleza. Mkanda wa ngozi hurefuka kadiri unavyotumika. Hukatwa kidogo na kufungwa upya kwa kulabu yake ya waya. Lakini usikazwe kupita kiasi, maana mkazo huo huikandamiza mihimili na kuongeza msuguano. Gurudumu la chini ni zito kwa makusudi: krenki inapofika juu kabisa au chini kabisa, mguu hauna uwezo wa kuizungusha, na inesha ya gurudumu ndiyo inayoivusha.

Kwa wakazi wa pwani adui mkubwa ni kutu. Hewa ya Mombasa, Unguja au Mtwara hubeba chumvi. Chumvi ikiyeyuka katika unyevu ulio juu ya chuma huufanya upitishe umeme vizuri zaidi, na kutu hufanyika upesi. Utando wa mafuta huzuia maji yasifikie chuma, kwa hiyo cherehani cha pwani kitiwe mafuta hata kama hakitumiki, na kuzungushwa angalau mara moja kwa mwezi. Kifuniko cha plastiki kisichopitisha hewa hakifai, kwa kuwa hufungia unyevu ndani. Kitambaa cha pamba ni bora. Kutu nyepesi kwenye sehemu za chuma cha pua hutoka kwa pamba ya chuma laini iliyochovywa katika mafuta, lakini pamba hiyo isifike kwenye rangi.

Vyerehani vyenye mota ya zamani vinataka hadhari nyingine. Mpira uliofunika nyaya hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyopita, na waya ulio wazi ukiugusa mwili wa chuma, mashine yote huwa na umeme. Isitoshe, mota iliyotengenezwa kwa volti 110 za Marekani itaungua ikiunganishwa na volti 230. Mwanafunzi asichomeke mashine ya namna hiyo kabla haijakaguliwa na fundi wa umeme. Vingi kati ya vyerehani hivyo vyaweza kuvuliwa mota, kuwekwa juu ya meza yenye kanyagio, na kufungwa mkanda wa ngozi mchana uohuo.