Somo la 12: Mtoto Ajifunze Kutoa kwa Mkono Wake

Sikukuu inakaribia. Mtoto wako ameanza kuuliza. Nguo mpya iko wapi? Tutapika pilau? Tutachinja kuku? Mtoto wa miaka minne au mitano hudhani sikukuu ni siku ya kupata tu. Si kosa lake. Sisi wazazi ndio tuliomfundisha hivyo. Mwaka mzima tunamwambia, "Ngoja sikukuu, utapata." Hatumwambii, "Ngoja sikukuu, utatoa."

Tuanze na nyumba ya Waislamu, maana hapo somo limekwisha tayarishwa. Mwezi wa Ramadhani unapokwisha, mkuu wa nyumba hutoa zaka ya fitri. Hutoa pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba yake. Pishi moja ni vibaba 4, yaani karibu kilo 2 na nusu. Hutolewa chakula kinacholiwa mahali hapo, kama vile mchele, mahindi au mtama. Mtoto naye hutolewa, hata mchanga anayenyonya. Nyumba yenye baba, mama na watoto wanne hutoa pishi 6. Maskini hupewa chakula hicho kabla ya sala ya Idd, ili nao wale siku ya furaha.

Wazazi wengi hupima pishi hizo usiku, watoto wamelala. Hapo ndipo somo linapopotea. Mwite mtoto. Mpe kibaba akishike mwenyewe. Mwambie, "Hii ni pishi yako. Hesabu: moja, mbili, tatu, nne." Atamwaga kidogo. Mwache aokote. Kisha nenda naye unapoipeleka, na abebe mfuko wake.

Huenda akalia, "Mchele wetu!" Usimpige, wala usimwite mchoyo. Mtoto wa miaka mitatu husema "changu" kwa kila kitu. Umri ule ndivyo ulivyo. Mwaka ujao atapima bila kulia.

Wakristo hawana kipimo kama hicho siku ya Krismasi. Kwa hiyo mzazi aweke kipimo chake mwenyewe. Krismasi ni tarehe 25 Desemba. Mahali penye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma na Singida, huo ni wakati wa kupanda, na akiba katika vihenge imeanza kupungua. Usiseme, "Tungoje mavuno." Jirani yako naye kihenge chake kimepungua, pengine kuliko chako. Toa hata kibaba kimoja, na mtoto akipime.

Mtoto akitaka kutoa nguo, mwache achague mwenyewe. Akileta shati lililochanika, mwulize, "Wewe ungependa kulivaa Krismasi?" Ngoja ajibu. Usimjibie.

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Chukua mfano huu. Mama mmoja mjane amepelekewa unga na jirani. Wiki ya pili watoto wa nyumba hizo mbili wanacheza, wanagombana. Mtoto wa jirani anapaza sauti, "Nyinyi mlikula unga wetu!" Mjane anasikia. Watu wote njiani wanasikia. Sikukuu nyingine mama yule ataona afadhali alale na njaa kuliko kupokea tena.

Mtoto yule aliyapata wapi maneno hayo? Aliyapata jikoni kwao. Alisikia wakubwa wakisema, "Wale tunaowasaidia." Basi chunga ulimi wako mbele ya mtoto. Sema, "Tumpelekee mama jirani sikukuu yake." Na mwambie mtoto wazi kwamba kilichotolewa hakitajwi tena, hata mkigombana.

Mahali pengi sahani ya jirani hairudishwi tupu. Mjane yule huenda akairudisha na maembe mawili, maana Desemba ni wakati wa maembe. Usikatae kwa kumhurumia. Yapokee kwa mikono miwili, mtoto akiona, useme, "Ahsante sana, mama." Hapo mtoto ataona kwamba mwenye kidogo naye hutoa.

Kushukuru nako hufundishwa. Siku ya Idd watoto hupita kwa ndugu na majirani kuomba mkono wa Idd. Mfundishe mtoto kusema ahsante kabla ya kuitazama sarafu aliyopewa. Asihesabu fedha mbele ya aliyempa. Shangazi akileta gauni linalobana, mtoto amshukuru shangazi kwanza. Habari ya kubana mtaizungumza ninyi wenyewe baadaye.

Jioni mwulize, "Leo nani amekutendea wema?" Atamtaja mjomba aliyempa sarafu. Endelea kumwuliza, "Maji uliyooga, nani aliyateka? Pilau, nani alipika?" Sasa atamtaja dada yake, atamtaja na mama yake. Mtume aende akawashukuru. Na baba ufanye hivyo pia. Baba asiyemwambia mkewe ahsante mwaka mzima hawezi kumdai mtoto neno hilo.

Na kama huna kitu? Asiye na chakula kinachozidi haja ya nyumba yake kwa siku hiyo na usiku wake hadaiwi fitri. Lakini mtoto wako bado ana mikono. Bibi kizee wa jirani anahitaji maji ya sikukuu. Uwanja wake unahitaji kufagiliwa. Mtoto wa miaka sita anaweza kubeba kidumu kidogo. Mtoto wa miaka minne anaweza kushika ufagio na kufagia vibaya. Bibi hatajali.

Maswali

1. Pishi moja ni vibaba vingapi?
2. Nyumba yako ina watu wangapi? Andika idadi ya pishi za fitri kwa watu hao.
3. Kwa nini mjane katika mfano angekataa kupokea tena?
4. Zungumzeni darasani: Sikukuu iliyopita, mtoto wako alitoa nini kwa mkono wake mwenyewe?