SOMO: TUHUBIRI YEREMIA 29 YOTE, SI MSTARI MMOJA



Sisi wahubiri tunaupenda sana Yeremia 29:11. Tunasema Mungu anatuwazia mema, kisha tunaongeza ya kwetu: "Mwaka huu mtaitwa nchi ya tatu!" Wengine walituamini, wakaacha kulima. Msimu ukapita, wala hawakuitwa. Hapo tumewaumiza kondoo wa Bwana.

Tusome sura nzima. Ni barua kwa Wayahudi waliopelekwa Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 K.K. Katika sura ya 28 nabii Hanania aliwaahidi kurudi ndani ya miaka 2. Yeremia aliandika miaka 70 (29:10). Kwa hiyo wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na kuuombea mji waliomo (29:5-7). Ndipo inakuja ahadi ya mstari wa 11. Walipewa watu ambao wengi wao wangezikwa ugenini.

Basi, tunapohubiri Agano la Kale:

1. Tuulize kwanza, wale waliopelekewa neno hili walisikia nini?

2. Tufike kwa Kristo. Mathayo 1:12 inamtaja Yekonia, yule mfalme mhamishwa, katika ukoo wa Yesu. Uhamisho haukuikata ahadi.

3. Tusitaje tarehe ambayo Mungu hakuitaja.

Anayengoja kuitwa na aendelee kungoja, jembe likiwa mkononi. Mungu wa Babeli ni Mungu wa hapa pia.