Shangazi, paka wa marehemu mama hataki kula

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, fundi cherehani, naishi Ngamiani hapa Tanga. Mama yangu alifariki miezi minne iliyopita. Katika vyote alivyoniachia, chenye uhai ni kimoja tu: paka wake dume, mweupe, mnene, anaitwa Dafu. Mama alimlea tangu hajafumbua macho. Nikishona, hulala chini ya cherehani. Alfajiri huniamsha kwa kunisukuma shavu kwa kichwa, kama alivyokuwa akimfanyia mama.

Alhamisi jioni nilimwekea dagaa kama kawaida. Alisogea sahanini, akanusa, akajilamba midomo, akarudi nyuma. Ijumaa ikawa hivyohivyo, na usiku akatapika povu. Leo Jumamosi nimemnunulia changu mbichi, kageuza uso. Yuko chini ya kitanda, hataki kutoka.

Jirani kaniambia nimpe nusu Panadol, maana masikio yake yana moto. Mwingine kasema nimwache, paka ana roho ngumu, atakula mwenyewe. Mama mkubwa anasema Dafu anamlilia mama na atamfuata. Aliyeniumiza zaidi ni kaka yangu. Kanikuta nalia, akasema ni aibu mtu mzima kumlilia paka na ada ya watoto haijalipwa.

Shangazi, naona kama mama anakufa mara ya pili. Nifanye nini? Na je, mimi ndiye niliyekosea?

Mshonaji, Tanga

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Ujumbe wako uliingia Jumamosi asubuhi, nami nilikujibu palepale: mpeleke Dafu kwa daktari wa mifugo leo hii, usingoje Jumatatu, na hiyo Panadol usimpe. Mambo mengi yanayoletwa katika safu hii huweza kungoja gazeti litoke. Hili halikuweza. Haya ya leo nakueleza kwa nini nilikuharakisha, na yamfae kila mwenye paka nyumbani.

Nianze na neno la mama mkubwa, kwa sababu ndilo linalogusa moyo zaidi, na kwa hiyo ndilo la hatari zaidi. Ni kweli paka huona pengo la aliyemlea. Wapo wanaozunguka vyumbani wakilia, wapo wanaojificha, wapo wanaopunguza kula. Lakini hesabu siku, mwanangu. Mama ana miezi minne tangu atutoke, na miezi yote hiyo Dafu amekula dagaa wake. Amekataa kuanzia Alhamisi jioni. Jambo lililoanza Alhamisi litafutiwe sababu ya Alhamisi, na mahali pa kwanza pa kuitafuta ni mwilini mwake. Ukishika kwamba ni majonzi, mtakaa nyote wawili mkiomboleza na siku zitapita. Usimvishe paka msiba wako kabla daktari hajamshika tumbo.

Sasa turudi pale sahanini, maana umeniandikia kitu cha thamani bila kujua. Alisogea, akanusa, akajilamba midomo, akarudi nyuma. Paka asiyekuwa na haja ya chakula kwa kawaida hata hasogei. Anayesogea kisha akarudi huenda anataka kula ila kuna kitu kinamzuia. Mara nyingi huwa ni kichefuchefu, au maumivu ya mdomo, meno au koo. Kujilamba midomo na lile povu la usiku vinaniegemeza kwenye kichefuchefu, lakini mimi si daktari. Mweleze daktari maneno hayohayo uliyoniandikia, usiyafupishe kwa kusema tu "hali". Mgonjwa wako hana ulimi wa kusema, na wewe ndiye ulimi wake.

Umetaja jambo jingine kwa kupita tu: Dafu hulala chini ya cherehani. Hapo chini ndipo vinapoangukia vipande vya uzi, na pengine sindano. Paka hupenda kuchezea uzi, na ulimi wake una miba midogo iliyoelekea kooni. Uzi ukishanasa hapo, kuutema ni kazi, hivyo humeza. Mara nyingine ncha moja hubaki imezunguka chini ya ulimi na nyingine imeshafika matumboni, na utumbo ukijikunja juu ya uzi huo hukatika kama nguo inayovutwa kwenye mshono. Ukiona uzi mdomoni au nyuma kwenye haja kubwa, usiuvute hata kidogo. Mwache daktari auone ulivyo. Kwanza kabisa mwambie: "Mimi ni fundi cherehani."

La tatu ambalo hukulitaja: je, Dafu anakojoa? Paka dume njia yake ya mkojo ni nyembamba na huweza kuziba. Utamwona anachuchumaa mara kwa mara, anajikamua, analia, na hakitoki kitu au linatoka tone. Hiyo ni dharura ya saa. Sumu ya mkojo ikirudi mwilini, siku moja au mbili zinatosha kumuua. Paka wa namna hiyo naye huacha kula na hutapika, na watu wakadhani ni tumbo tu.

Huyo jirani anayesema paka ana roho ngumu namwelewa, maana hata mimi nilisema hivyo. Nilikuwa na paka wa mabaka, jike, mpole. Aliacha kula, nami nikawaambia watoto roho ya paka haitoki upesi, atapona. Zilipita siku saba. Nilipompeleka, daktari alimfunua mdomo, akapeleka kibano juu kwenye kaakaa, akatoa mfupa wa samaki uliokuwa umekingama kati ya meno ya kushoto na ya kulia. Akauweka juu ya karatasi mbele yangu. Ulikuwa mfupi kuliko njiti ya kiberiti. Kisha akamgeuza sikio, akanionyesha ngozi ya ndani. Ilikuwa ya manjano kama iliyopakwa bizari. Mfupa ulikuwa umetoka, lakini ini lilikuwa limeshashindwa. Alikufa siku ya pili yake.

Siku ile nilijifunza kwamba paka hakuumbiwa kufunga. Akikosa chakula kwa siku chache, mwili wake huanza kuyamimina mafuta yake kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyatumia. Ini hujaa mafuta, huvimba, hulegea, na paka huzidi kukataa chakula. Ugonjwa mdogo uliomzuia kula huzaa ugonjwa mkubwa wa kutokula. Na paka mnene ndiye aliye hatarini zaidi, ule unene tunaouona ni akiba ndio unaomwangusha. Dafu wako ni mnene. Ndiyo maana sikukuruhusu kungoja Jumatatu.

Kuhusu Panadol nitasema kwa sauti kubwa ili kila nyumba isikie. Panadol ni sumu kwa paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu. Huharibu damu hata ishindwe kubeba hewa, fizi zikageuka rangi ya tope, uso na miguu ikavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua paka mzima, na nusu pia yaweza kumuua. Aliyekwisha kumpa asione haya kumwambia daktari, tena mapema, kwa sababu ipo dawa ya kuzuia sumu hiyo ikiwahiwa. Na yale masikio ya moto yasimtishe mtu. Joto la kawaida la paka ni nyuzi 38 hadi 39 hivi, juu kidogo ya letu, kwa hiyo mkononi mwako kila paka mzima ana joto. Homa yake hupimwa kwa kipimajoto.

Unapompeleka, tafuta boksi la katoni lenye matundu au kikapu chenye kifuniko, utandike kanga ambayo mama alikuwa akiivaa, ikiwa bado haijafuliwa. Harufu anayoijua itamtuliza ndani ya bajaji kuliko maneno. Ukikosa daktari karibu, ofisi ya mifugo ya halmashauri itakuelekeza. Watu hudhani wale ni wa ng'ombe na mbuzi tu, lakini daktari wa mifugo amesomea paka pia. Utakapofika, mweleze tangu lini hajala, ametapika mara ngapi, amekojoa lini, kama nyumbani au kwa jirani kuna sumu ya panya, na kama amechanjwa kichaa cha mbwa. La chanjo si la adabu tu. Paka asiyechanjwa akianza kudondosha mate, kushindwa kumeza au kung'ata ovyo, usimtie mkono mdomoni. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali.

Daktari akimruhusu kula, mpe kidogo kidogo mara nyingi. Samaki aliyechemshwa bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu, maana vitunguu huharibu damu yake. Mtoe miba yote. Chakula kiwe vuguvugu, kwa sababu paka hula kwa pua kwanza, na chakula cha baridi hakina harufu. Kama ana mafua, mpanguse pua kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kabla ya kula. Maziwa ya ng'ombe mwondolee, paka wengi wakubwa huwaharisha. Wala usimsukumie uji mdomoni kwa nguvu, unaweza kuingia mapafuni. Ikibidi kulishwa kwa bomba, daktari akuonyeshe kwa mkono wake kwanza.

Sasa kaka yako. Ada ya watoto ni haki yao na hoja yake si ya kupuuzwa. Kwa hiyo mwanzo kabisa mtajie daktari kiasi ulicho nacho, umuulize: "Kwa pesa hii, kipi cha kwanza?" Daktari mwema atakupangia, na si kila maradhi ni ya gharama kubwa. Mfupa ule ulitolewa kwa dakika chache. Ila hilo neno la aibu siliafiki. Kama kaka yako ni mtu wa msikiti, mkumbushe yule mwanamke ambaye hadithi ya Mtume inasema aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Mkumbushe pia kwamba sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote anajulikana hadi leo kwa jina la Abu Huraira, baba wa kijipaka. Huruma kwa kiumbe kisichoweza kujisemea ina heshima kwetu tangu zamani.

Umeniuliza kama umekosea. Hukukosea. Paka huficha maumivu yake, ndivyo alivyoumbwa, na wengi hawajui mpaka mnyama amelala chini. Wewe ulihesabu siku, ukaona povu, ukaona alivyorudi nyuma sahanini. Umemtazama kwa jicho ambalo mama alimtazamia.

Na hilo la mama kufa mara ya pili, nalo tulitazame. Miezi minne umeshona nguo za watu, umehamisha vitu, umepokea pole. Huenda hukuwa umelia vya kutosha mpaka Dafu alipokataa chakula. Lia, mwanangu, lakini ujue unamlilia nani. Machozi ya mama ni ya mama. Dafu anahitaji mikono yako ikiwa mikavu, imshike sawasawa mezani kwa daktari. Ukivitenganisha hivyo viwili, kila kimoja kitakuwa na uzito unaobebeka.

Akipona, shukuru Mungu, na kila jioni fagia chini ya cherehani kabla ya kuzima taa. Daktari akikwambia hakuna la kufanya, muulize kama anateseka, na kama kuna njia ya kumpumzisha bila maumivu. Mzike shimo refu uani, na watoto waambiwe ukweli kwamba amekufa, wasiambiwe amepotea. Wema wa mama hautaingia shimoni pamoja naye. Mama aliuweka kwako zamani, na ndio uliokuamsha kutafuta msaada asubuhi ile.

Nanyi wengine mnaosoma huku paka amelala miguuni, naomba jambo moja. Leo kabla ya kulala, tafuteni namba ya daktari wa mifugo wa hapo mlipo, iandikeni mahali itakapoonekana. Na paka akipitisha siku nzima bila kutia kitu mdomoni, ipigeni asubuhi yake.