Difu Isichemke, Isivuje: Vidokezo kwa Madereva wa Kwale

Barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga haina milima, na dereva anaweza kuifanyia kazi miaka mingi bila kukumbuka kwamba kati ya magurudumu yake ya nyuma kuna sanduku la chuma lenye giya na oili. Siku akikata kona Kombani na kuanza kupanda Kwale, gari imejaa, jua la saa nane, ndipo difu inapojitambulisha. Kwanza ni mvumo unaopanda na mwendo, kisha harufu kali ya kiberiti, na asubuhi yake doa jeusi liko chini ya gari.

Wengi wetu tunalitazama doa tu. Tunanunua sili, fundi anaifunga, mwezi haujaisha na doa limerudi. Joto na kuvuja ni ugonjwa mmoja: joto hukausha sili, sili huachia oili, oili ikipungua joto hupanda tena. Ukitibu upande mmoja tu, fedha yako imepotea.

Nazungumzia gari zenye difu nyuma: Hiace za abiria, Hilux na D-Max, Land Cruiser za watalii, na lori za Isuzu zinazobeba mawe na miwa. Probox nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele na hazina difu nyuma. Mwenye nayo aruke moja kwa moja hadi kidokezo cha 7.

1. Anza na kipumulio kabla ya kununua sili

Juu ya bomba la ekseli, upande wa kuelekea bodi, kuna kikofia cha chuma kidogo kama kifungo cha koti. Hicho ndicho kipumulio cha difu. Kazi yake ni kuachia hewa itoke ekseli inapopata moto, na kuirudisha inapopoa. Kikiziba, hewa haina pa kwenda. Hewa iliyofungiwa ikitoka nyuzi 30 asubuhi hadi nyuzi 100 mlimani, shinikizo lake hupanda kwa zaidi ya moja ya tano, yaani psi 3 na ushei. Kwa tairi hicho si kitu. Kwa mdomo laini wa sili, ambao haukutengenezwa uzuie presha, inatosha kabisa kusukuma oili nje.

Huku kwetu kipumulio huziba kwa njia mbili. Tope jekundu la Shimba Hills hukauka juu yake likawa kama saruji, na hewa ya chumvi ya Diani na Msambweni hukiozesha kutu hadi kikofia kinashikana na shina lake. Lala chini ya gari, pitisha mkono juu ya ekseli, kishike kwa vidole viwili. Kizima huzunguka na kuchezacheza kidogo. Kikiwa kimeganda, kisafishe kwa brashi ya waya na parafini, na kama bado hakisogei nunua kingine. Bei yake ni ndogo kuliko ya sili.

Kwa gari ya shamba au ya ufukweni, ningekwenda hatua moja zaidi: toa kikofia, funga nipeli ya shaba, uchomeke mpira wa petroli, na uupandishe hadi juu ya chesisi, ncha ikitazama chini. Acha mpira uwe na ulegevu, maana ekseli hupanda na kushuka. Ni kazi ya asubuhi moja, na sijui matengenezo mengine ya bei hiyo yanayookoa difu nyingi hivyo.

2. Difu ya moto isiingie majini

Shimoni, Gazi au Msambweni, utaona pikapu imefika na barafu, na hapo hapo inarudi kinyumenyume hadi maji yanafika kwenye habu, ivute mashua. Ekseli imetoka barabarani ikiwa ya moto. Ikiguswa na maji, hewa ya ndani husinyaa ghafla na kuvuta chochote kilicho karibu. Kipumulio kikiwa chini ya maji, kitavuta maji ya bahari. Kikiwa kimeziba, maji yatapitia kwenye midomo ya sili.

Subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya difu na kukiacha hapo. Ukimaliza, osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo. Hali ni ile ile masika, mto Ramisi au Umba unapofurika na ukalazimika kuvuka maji.

Utajuaje kama maji yameingia? Fungua nati ya kujazia na uchovye kidole. Oili safi ina rangi ya asali au kahawia. Ikiwa kama chai ya maziwa, imwage leo, jaza mpya, endesha siku chache, kisha uimwage tena. Mara moja haitoshi, kwa sababu sehemu ya ule mchanganyiko hubaki ndani ya mabomba ya ekseli na kwenye beringi.

3. Oili iwe ya difu, na iwe kiasi chake

Meno ya pinioni na kraun hayabingiriki tu, yanasuguana kwa nguvu huku yakiteleza. Ndiyo maana difu inahitaji oili yenye dawa maalumu ya kuzuia chuma kisikwaruze chuma, na alama yake kwenye mkebe ni GL-5. Kwa gari nyingi za aina hizi uzito ni 80W-90 au 90. Anayebeba mzigo mzito kila siku aangalie kama kitabu cha gari kinaruhusu 85W-140. Kama difu yako ni ya kujifunga yenyewe, ile ya LSD, tafuta oili iliyoandikwa hivyo. Oili ya injini usiitie kamwe, hata kama ndiyo pekee iliyobaki dukani Lunga Lunga.

Kipimo ni rahisi. Gari ikae tambarare, iwe baridi, na oili ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Ingiza ncha ya kidole kidogo ukikunje kuelekea chini, kiguse oili mara moja. Wapo wanaoinua gari kwa jeki upande mmoja ili wapenyeze nusu lita zaidi kwa kudhani wanailinda. Oili ikizidi hupigwapigwa na kraun, hutoa povu, hupata moto zaidi na hutafuta njia ya kutokea.

Na hili nalisema kwa msisitizo kwa watu wa pwani: fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Kutu ya chumvi inaweza kuwa imeikamata. Ukishamwaga oili ndipo ugundue nati ya juu haifunguki, gari hiyo haitoki hapo.

4. Soma sumaku

Nati ya kumwagia kwenye gari nyingi ina sumaku. Ikitoka na ute laini wa kijivu, huo ni uchakavu wa kawaida, ifute. Ikitoka na vipande unavyoweza kuvihisi kwa kucha, kuna jino au beringi inayovunjika, na oili mpya haitaiponya. Badilisha pia washa ya nati. Ile ya zamani imeshabonyea, na mara nyingi ndiyo inayodondosha.

5. Jua panapovuja

Sehemu kubwa ni tatu: mbele ya difu inapoingia propela, kwenye gasketi ya difu yenyewe, na kwenye ncha mbili za hafu shafti. Upepo wa barabarani husambaza oili, kwa hiyo ukitazama tu utadhani kila mahali panavuja. Safisha kwa kitambaa na parafini hadi pakauke, paka poda ya mtoto, nenda Ukunda urudi. Mstari wa kahawia kwenye poda utakuonyesha chanzo.

Kuvuja kwa mbele kunakupa siku kadhaa za kujipanga, mradi uwe unakagua kiasi cha oili. Kuvuja kwa hafu shafti hakukupi hata siku moja. Ukiona upande wa ndani wa tairi la nyuma umelowa, oili imeshaingia kwenye dramu na shuu za breki zimelowa. Gari ya abiria ikiwa hivyo isishuke kutoka Kwale kuja Kombani, na isikaribie mteremko wa feri ya Likoni. Shuu zilizonyonya oili hazioshwi zikarudi kuwa salama. Zibadilishe pamoja na sili, upande wa kushoto na wa kulia.

6. Sili mpya kwenye chuma kilicholika

Kabla sili mpya haijafungwa, pitisha kucha kwenye chuma inapokaa. Kucha ikizama kwenye mfereji, sili yoyote utakayoweka itavuja. Badilisha flanji, au uliza kama kuna ringi nyembamba ya kuvisha juu ya sehemu iliyolika. Kwa difu inayofanya kazi kwenye joto kubwa, omba sili ya Viton. Inastahimili joto kuliko ile ya mpira wa kawaida, ambayo hukakamaa upesi joto likikaa juu ya nyuzi 100.

Sili ya pinioni ina mtego wake. Nati kubwa inayofunguliwa ili kuifikia ndiyo inayoshikilia mkazo wa beringi. Fundi makini huweka alama kwa patasi kwenye nati na kwenye shafti, huhesabu mizunguko, kisha huirudisha pale pale ilipokuwa. Ikikazwa kwa nguvu zote na spana yenye bomba, beringi zitabanwa, na difu ambayo ilikuwa inavuja tu sasa itachemka. Simama hapo uangalie kazi ikifanyika.

7. Joto si lazima litoke kwenye difu

Shuu iliyonasa au kamba ya handbreki iliyokwama kwa kutu hupasha habu moto, grisi huyeyuka, sili ya pembeni huungua, na lawama hupewa difu. Inua gurudumu kwa jeki ulizungushe kwa mkono. Liwe huru. Hili linamhusu mwenye Probox pia.

Tazama na matairi. Tairi jipya kushoto na kipara kulia, au saizi mbili tofauti, hufanya giya ndogo za ndani ya difu zizunguke muda wote hata barabara ikiwa imenyooka. Na mwenye gari ya kuvuta nne aitoe kwenye nne mara tu anapotoka mchangani na kupanda lami.

8. Pima

Kipimajoto cha mwanga cha mafundi kinaelekezwa kwenye chuma na kusoma papo hapo. Kile cha kupima paji la uso tulichokizoea wakati wa korona hakifai, kinaishia kwenye nyuzi arobaini na kitu. Pima difu ukifika juu Kwale, andika namba, pima tena safari nyingine na mzigo ule ule. Nyuzi 60 hadi 90 si za kutisha kwa gari inayofanya kazi. Ikipita 110, tafuta sababu, kwa kuwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya oili kwa karibu nusu.

9. Kwa wanaokimbiza magari

Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun Violet. Gari ile ilikuwa na ekseli ngumu nyuma, ya ukoo mmoja na hizi zetu za Hiace. Ekseli ya aina hiyo inahimili mateso makubwa ikitunzwa.

Anayejenga gari ya rali au ya mashindano ya uwanjani azoeshe giya mpya kwanza: dakika 15 hadi 20 za mwendo wa pole bila mzigo, aiache ipoe kabisa, arudie mara kadhaa, kisha abadilishe oili baada ya kilomita 800 hivi. Giya mpya zikikimbizwa siku ya kwanza, meno yake hubabuka. Mpira wa kipumulio uishie kwenye kichupa kilichopachikwa mahali pa juu, ili oili inayorushwa kwenye kona kali isidondoke kwenye tairi au breki. Kifuniko chenye mapezi, kinachobeba oili nyingi zaidi, husaidia. Joto likiendelea kupita mpaka, ndipo ufikirie radieta ndogo ya oili yenye pampu ya umeme. Pampu hiyo iwashwe oili ikishapata joto tu. Oili ya difu ikiwa baridi ni nzito, na pampu itaungua kabla difu haijahitaji msaada wake.