Je, Wafalme wa Ulaya Wangeweza Kubaki na Mamlaka Halisi?

Mwanafunzi, ukikutana na swali hili usikimbilie kuandika kwamba wafalme wa Ulaya ya leo ni mapambo tu. Jibu hilo lina ukweli, lakini halina maelezo, na alama ziko kwenye maelezo. Tofautisha kwanza mamlaka yaliyoandikwa katika katiba na yale ambayo mfalme anaweza kuyatumia bila kuhatarisha kiti chake. Kwa sheria, mfalme wa Uingereza bado anaweza kukataa kuridhia muswada wa bunge. Aliyefanya hivyo mara ya mwisho ni Malkia Anne, mwaka 1708.

Chukua Italia. Katiba ya 1848 ilimpa mfalme haki ya kuteua na kuondoa mawaziri. Oktoba 1922, wafuasi wa Mussolini walipokuwa wakielekea Roma, Waziri Mkuu Luigi Facta alimpelekea Mfalme Victor Emmanuel III tangazo la hali ya hatari. Mfalme alikataa kulitia saini, kisha akamwita Mussolini aunde serikali. Julai 1943, vita vikienda mrama, mfalme huyohuyo akamwondoa Mussolini. Huyo hakuwa pambo. Lakini anayeamua ndiye anayelaumiwa. Katika kura ya maoni ya 2 Juni 1946, takriban asilimia 54 walichagua jamhuri. Wiki chache kabla, mfalme alikuwa amemwachia kiti mwanawe, Umberto II, na hilo halikuokoa ufalme.

Hispania hutajwa sana na watahiniwa, mara nyingi vibaya. Tarehe 23 Februari 1981 askari wenye silaha walivamia bunge mjini Madrid. Usiku huo Mfalme Juan Carlos alitokea kwenye televisheni akiwa na sare za kijeshi, akaamuru jeshi lifuate katiba, na mapinduzi yakashindwa. Wengine huandika kwamba tukio hili linathibitisha kuwa mfalme alikuwa mtawala halisi. Angalia alichokilinda: katiba ya 1978, ileile iliyompunguzia mamlaka. Alipata heshima kubwa, lakini hakuongezewa hata kifungu kimoja.

Sasa linganisha nchi mbili ndogo, maana hapa ndipo hoja yako itakapopata nguvu. Desemba 2008, Henri, mtawala wa Luxembourg mwenye cheo cha Duki Mkuu, alisema dhamiri yake haimruhusu kuridhia sheria ya kuwasaidia wagonjwa mahututi kufa. Bunge halikubishana naye kwa muda mrefu. Lilirekebisha katiba, likaondoa sharti la kuridhia kwake, na sheria ikapita.

Liechtenstein mambo yalikwenda kinyume kabisa. Mwaka 2003 Hans-Adam II aliwaambia wananchi kwamba wakiikataa katiba aliyoipendekeza, atahamia Austria. Karibu asilimia 64 waliikubali. Kwa katiba hiyo mtawala anaweza kuzuia sheria na hata kuiondoa serikali. Mwaka 2012 pendekezo la kumpunguzia kura ya turufu lilikataliwa na takriban asilimia 76.

Kwa nini yeye aliweza? Usiandike tu kwamba nchi ni ndogo. Luxembourg nayo ni ndogo. Familia yake ina utajiri wake, ikiwemo benki, kwa hiyo bunge halina posho ya kumtishia nayo. Tena, alipeleka ugomvi wake kwa wapiga kura badala ya kuumaliza na wanasiasa. Na katiba hiyohiyo inawapa wananchi njia ya kupiga kura kuufuta ufalme wenyewe. Kwa maoni yetu hoja hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, nayo ndiyo inayosahaulika zaidi: mtawala mwenye nguvu kuliko wote Ulaya Magharibi anazishika nguvu hizo kwa ridhaa inayoweza kuondolewa.

Zoezi: Mwaka 1920 Mfalme Christian X wa Denmark aliiondoa serikali ya Waziri Mkuu Zahle katika mgogoro wa mpaka wa Schleswig. Maandamano na tishio la mgomo mkuu vilimlazimisha kurudi nyuma ndani ya siku chache. Je, tukio hili linakaribiana zaidi na la Italia au la Luxembourg? Tetea jibu lako kwa hoja mbili.